Tramu za Melbourne SIO bure jamani (na mengine tunayodanganyana)

Kazi yangu ni kuwapokea watu wapya hapa Melbourne, Australia, wengi Wakongo na Warundi waliotoka makambini, na wanafunzi wa Kikenya na Kitanzania hawakosekani. Makaratasi yanayoletwa mezani kwangu ni ya kila aina, nyumba, shule, Centrelink (ofisi ya serikali ya hela za msaada), na yote nayavumilia. Barua ya faini ya tramu ndo inanimaliza, maana naijua stori kabla mtu hajakaa kwenye kiti. "Lakini waliniambia tramu za hapa ni bure."

Nani alikwambia? Shemeji. Kaka wa kanisani. Grupu la WhatsApp. Na shemeji mwenyewe ana faini mbili hajazilipa, hilo hakukwambia.

Haya, tuliongee polepole. Katikati ya jiji kuna kipande kinaitwa Free Tram Zone, kilianza tarehe 1 Januari 2015, na ni ndani ya kipande hicho TU ndo hulipi. Kipande chenyewe ni kidogo, kaskazini kinaishia pale soko la Queen Victoria, mashariki ni Spring Street kwenye jengo la Bunge, kusini ni Flinders Street na Federation Square, magharibi kinaingia Docklands, basi. Mtu mwenye miguu mizima anakizunguka mchana mmoja. Sasa mtandao wote wa tramu za Melbourne una kama kilomita 250 za njia, ndo mkubwa kuliko wote duniani, vituo vyake vimepita 1,700. Toa hako kakipande, kwingine kote unalipa. Chuo Kikuu cha Melbourne unalipa. Kasino unalipa. Makumbusho kule Carlton unalipa, St Kilda kwenye bahari unalipa. Federation Square ni bure, ila tramu ikishavuka daraja la Princes juu ya mto Yarra, kituo kinachofuata cha Arts Centre tayari uko nje, na huo mwendo ni wa dakika chache tu na ukiwa na simu mkononi hata hujui umevuka.

Watu wanakosea hapa kwa namna tofauti na kila mmoja anadhani yeye ndo kaelewa. Wa kwanza anapanda tramu namba 57 pale Racecourse Road, Flemington, anashuka soko la Queen Victoria, ananiambia "mi nimeshukia kwenye bure". Ndugu yangu, umepandia wapi? Ukianzia nje unagonga kadi ya nauli, inaitwa myki, kwenye mashine unapopanda, haijalishi unashukia wapi. Wa pili ni kinyume chake, kapanda Bourke Street ndani ya bure, kakaa zake kwenye 96 hadi St Kilda, inspekta anamkuta yeye anajitetea kwamba alipanda kwenye bure. Ulipanda kwenye bure sawa, ila sahivi uko wapi? Kama safari yako inatoka nje ya hako kaeneo, gonga kadi pale pale unapopanda, usisubiri eti mpaka wa zone ukaribie ndo uinuke, maana kwenye tramu iliyojaa saa 11 jioni hutaifikia mashine.

Halafu kuna wa tatu, huyu ananiumiza moyo kwa sababu ni mwaminifu, mara nyingi ni mama mtu mzima. Anapanda stesheni ya Southern Cross anashuka kwenye Bunge, zone nzima ya bure, lakini anagonga kadi "ili niwe salama mwanangu". Mashine haijui utashukia wapi. Ukiigongea kadi inakata hela. Mama, safari yako yote ikiwa ndani ya bure, acha kadi kwenye pochi, hakuna wa kukukamata.

Kwenye vituo vya ndani kuna alama zimeandikwa Free Tram Zone, na ndani ya tramu wanatangaza ukikaribia kutoka, kwa Kiingereza cha haraka kweli, ila wanatangaza. Soma alama kituoni. Ramani ya zone ipige picha ikae kwenye simu, mimi huwa nawapigia watu wangu hapo hapo ofisini kabla hawajaondoka, wanacheka, lakini wanaokuwa na hiyo picha siwaoni tena na barua.

Na huu uongo una pacha wake. "Hakuna geti, hakuna konda, kwa hiyo kulipa ni hiari." Namuelewa mtu aliyezoea daladala au matatu, kule konda anakufuata mwenyewe, na usipolipa utamsikia. Hapa unapanda, dereva kajifungia kwenye kijumba chake hana habari na wewe, milango iko mingi, hakuna anayeuliza. Kuna dada alikaa na sarafu mkononi safari nzima akisubiri mtu aje azichukue. Makonda walikuwepo Melbourne kweli lakini waliondolewa mwaka 1998, na hela taslimu kwenye tramu hazipokelewi kabisa. Hata kadi ya myki huinunui humo ndani wala huiwekei hela humo ndani. Unanunua na kujaza kabla, stesheni za treni, maduka ya 7-Eleven, mashine kwenye baadhi ya vituo vikubwa, au mtandaoni.

Geti ni inspekta, na wakati mwingine kavaa nguo za kawaida kama wewe na mimi. Wanapanda kikundi, au wanawasubiri mnaposhuka. Ataomba kadi, ataisoma na kimashine chake, na kama haina malipo ataomba jina na anwani. Jina la uongo ni kosa lingine juu ya lile la kwanza, tafadhali. Ila hachukui hela, mambo ya kulipa faini pale pale yalifutwa tangu Januari 2017, kwa hiyo mtu akisimama mbele yako anataka umlipe cash, huyo sio inspekta. Faini inakuja kwa barua, ya mtu mzima inacheza karibu dola 300 na kiwango kinabadilishwa kila Julai. Dola 300 ndugu zangu, kwa mtu ambaye ndo kwanza ameanza kazi ya usafi.

Alafu barua ikija watu wanaiweka kwenye droo. Au wamehama nyumba, barua inaenda kule kwa zamani, deni linaongezewa gharama juu ya gharama. Ukipata faini una njia. Unaweza kuandika kuomba waipitie upya kama una sababu ya maana, unaweza kuomba kulipa kidogo kidogo, na kama una shida kweli kweli, kuna mpango unaitwa Work and Development Permit, ambao aliye na vigezo anapunguza deni kwa kufanya kozi, kupata matibabu au ushauri nasaha, au kujitolea kazi. Ulizia kwenye kituo cha sheria cha jamii, huduma ni bure. (Hiyo ndo bure ya kweli.)

"Niligonga lakini mashine ilikataa." Hii nayo naisikia, na nusu ya wanaosema hawakuangalia mashine inasema nini, wanapitisha kadi kama wanafukuza nzi wanaenda kukaa. Ishike itulie, subiri ikubali, soma salio. Na ushauri wangu ambao nautoa hata kwenye harusi: sajili kadi yako kwa jina lako na uweke auto top up, salio likishuka inajijaza yenyewe kutoka benki. Kadi iliyosajiliwa ikipotea unaripoti na hela yako unaihamishia kadi mpya. Isiyosajiliwa imeenda na hela zake. Watu wananiambia hawataki kuipa serikali akaunti ya benki, sawa, akaunti yenyewe ndo hiyo hiyo Centrelink wanakuwekea hela kila wiki mbili, lakini sawa.

Mengine haraka haraka.

"Lazima ugonge ukishuka." Kwenye treni na basi ndiyo. Kwenye tramu hapana, isipokuwa safari yako yote iko Zone 2, yaani eneo la nauli la nje ya mji, na hizo ni chache, mwisho mwisho wa njia ndefu. Kila jioni unaona wageni wamejazana mlangoni wanatafuta mashine huku watu wanasukumana kushuka. Shuka tu.

"Masaa mawili yakiisha nalipa upya, ngoja nikimbie." Hayahesabiki hivyo. Yanaanzia saa kamili inayofuata, yaani ukigonga saa 8 na dakika 10 mchana, unasafiri mpaka saa 11 jioni, na ndani ya huo muda unabadilisha tramu, treni, basi, unavyotaka. Ukigonga kuanzia saa 12 jioni malipo ya masaa mawili yanakuvusha mpaka saa 9 usiku. Nunua nyanya zako kwa utulivu. Na ukisafiri siku nzima, kuna kikomo cha siku, kadi inajihesabia yenyewe.

"Mi ni mwanafunzi, nalipa nusu." Wakenya na Watanzania wa vyuo, hii ni yenu. Kitambulisho cha chuo peke yake hakikupi nauli ya nusu kama uko kwa visa ya mwanafunzi. Kuna iUSEpass, inayokupa punguzo la nusu kwenye pasi ya mwaka mzima, ila chuo chako kiwe kwenye huo mpango, kwa hiyo ulizia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa wiki ya kwanza, sio mwezi wa nane. Kutembea na kadi ya concession, yaani ya nauli ya nusu, bila haki ya kuwa nayo ni faini ile ile. Mkimbizi mwenye Health Care Card, ile kadi ya serikali ya wenye kipato kidogo, anayo haki, lakini atembee nayo, isikae nyumbani kwenye bahasha. Watoto chini ya miaka 18 wanasafiri bure tangu Januari 2026, ila kwa Youth myki, na kadi yenyewe mtoto awe nayo mkononi.

"Nachukua 59 naenda eapoti." Jamani! Tramu 59 inaishia Airport West, na Airport West ni mtaa wa watu wenye duka kubwa la Westfield, ndege ziko Tullamarine, na kutoka pale huendi kwa mguu na masanduku mawili. Tramu inayofika uwanja wa ndege haipo. Panda SkyBus, basi la uwanja wa ndege, kutoka Southern Cross, nauli yake ni ya peke yake, au kama unabana hela chukua treni hadi Broadmeadows halafu basi 901, hilo linakubali myki.

"Tramu yoyote itanifikisha mjini." Nyingi, ndiyo, ila 82 inatoka Footscray kwenda Moonee Ponds na mjini haikanyagi, na 78 inapanda na kushuka Chapel Street hivyo hivyo. Unayekaa Footscray ukitaka mjini panda treni, ni haraka mara nyingi zaidi. Na walioko Tarneit, Melton, Werribee, huko tramu hamna, kwa hiyo ukipangishiwa nyumba "karibu na usafiri" uliza ni usafiri gani.

"Itasimama tu." Kituo cha barabarani, nyoosha mkono dereva akuone. Kushuka, bonyeza kitufe mapema. Kupiga kelele "shusha!" hakusaidii, dereva hakusikii.

Nisichotania nacho ni kuvuka barabara. Tramu haikwepi, iko kwenye reli, na kusimama inahitaji umbali mrefu kuliko unavyodhani. Waliwahi kuwatangazia watu kwa picha ya mnyama kifaru juu ya skateboard, kwamba tramu moja ina uzito wa vifaru 30, na kwa mara moja matangazo yalisema kweli. Vituo vingi viko katikati ya barabara, unashukia kwenye lami. Magari yanatakiwa kusimama nyuma ya tramu milango ikiwa wazi, ni sheria, lakini angalia kushoto kabla ya kuteremsha mguu, hasa ukiwa na mtoto. Na nyie wenye magari, pale mjini kwenye alama ya hook turn, ukitaka kukata kulia unakaa kushoto, unasubiri taa ya barabara unayoingia iwake kijani ndo unakata, ili tramu zipite. Ni ajabu najua, ila sio uhuni, ndo sheria ya pale.

Kina mama wenye vigari vya watoto, "tramu zote zinaingilika" sio kweli. Zile za zamani, aina ya Z, A na B, zina ngazi mlangoni. Zenye sakafu ya chini ni C, D na E, na hata hizo zinahitaji kituo kilichoinuliwa ndo uingie sawasawa bila kubeba kigari. Njia ya 96 inatumia E, ile ndefu ya mita 33, kwa hiyo kama una mapacha na unaweza kuchagua, panda hiyo. Kwa njia zingine angalia kabla, maana kuna mahali utasubiri tramu tatu zote za ngazi.

Na la mwisho, kwa wanaofanya kazi za usiku, "tramu zinatembea masaa 24". Ijumaa na Jumamosi usiku tu, na kwenye njia sita tu, 19, 67, 75, 86, 96 na 109, kila nusu saa hivi. Jumanne saa 8 usiku ukisimama kituoni utasimama mpaka asubuhi, kwa hiyo kabla hujakubali shifti muulize bosi inaisha saa ngapi.