Je, wajua kwa nini bibi aliyepasuliwa nyonga husimamishwa kesho yake?

Bibi kateleza asubuhi ya ukungu kule Mufindi, nyonga imevunjika, kapasuliwa. Kesho yake ndugu wanafika na chupa ya uji, wanakuta mtu wa mazoezi anamsimamisha kando ya kitanda. Wanakasirika: mfupa umeungwa jana, leo anakanyagishwa?

Tumezoea mkono uliofungwa plasta ngumu (P.O.P.), unaotulizwa wiki sita. Nyonga ni habari nyingine. Shingo ya paja, yaani sehemu nyembamba ya mfupa wa paja chini ya kichwa chake, ikikatika, mishipa ya damu inayopanda kupitia hapo kulisha kichwa cha mfupa mara nyingi hukatika nayo, kwa hiyo kwa wazee wengi kichwa hicho hutolewa na kuwekwa cha bandia. Mfupa ukivunjika chini ya hapo, huwekwa nondo ndani yake, au bamba na skrubu. Kwa wengi, chuma hicho kimewekwa ili mzee akanyage mapema. (Wachache huzuiwa kukanyaga kwa uzito wote, hilo huamuliwa na daktari aliyempasua.) Kumlaza "apone kwanza" ndiko kunakomponza.

Fikiria pampu ya kukanyaga kwenye vinyungu, bustani za mabondeni, vya Iringa. Ukikanyaga, maji yanapanda. Ukiacha, yanatuama kwenye bomba. Shavu la mguu hufanya kazi hiyohiyo. Kila hatua, msuli unaikamua mishipa mikubwa ya ndani, damu inapanda kuelekea moyoni, na vali ndogo zinaizuia isirudi chini. Mzee akilala tu, pampu imesimama. Tena damu yake wakati huo huganda kwa urahisi, kwa sababu mwili umejeruhiwa mara mbili, kwa kuanguka na kwa kisu. Bonge la damu likifanyika mguuni, linaweza kung'oka, likapita moyoni na kuziba mshipa wa mapafu.

Dalili zake hudanganya. Mguu uliopasuliwa huvimba hata pasipo bonge, na bonge linaweza kukaa kimya. Shavu la mguu likiuma na kukaza, mwambie muuguzi siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikichoma au akikohoa damu, hiyo ni dharura. Sindano za kuzuia damu kuganda huendelea takriban siku 28 hadi 35, kwa hiyo kabla ya kupanda basi la Makete uliza: dozi zilizobaki ni ngapi, na nani atachoma?

Kulala chali pia hutuamisha makohozi, nimonia ikaingia. Mwinue kichwa na mgongo, hasa anapokunywa uji. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, na visigino vining'inie kwa mto chini ya mashavu ya miguu, visiguse godoro. Akianza kuweweseka usiku, asiwatambue wanawe, msikimbilie kusema ni uzee au amerogwa. Mara nyingi ni maumivu, kiu, choo kigumu, mkojo uliobana au maambukizi, na vyote hivyo hutibika.

Nyumbani kuna mtego unaosahaulika: choo cha kuchuchumaa. Aliyewekewa nyonga ya bandia akichuchumaa, inaweza kuchomoka. Fundi seremala atoboe kiti imara, chenye mikono na kimo kinachozidi magoti ya bibi, kiwekwe juu ya tundu kabla hajarudi.