Testi zinazojiendesha ukisevu faili: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kijana mmoja tunayefanya naye kazi chumba kimoja hapa Kirumba, Mwanza, aliniuliza juzi kwa nini kona ya skrini yangu inabadilika rangi kila nikisevu. Nikamwambia ni testi, yaani vipande vya msimbo vinavyokagua kama programu inatoa jibu sahihi, zinajiendesha zenyewe: kijani zimepita, nyekundu kuna iliyoanguka. Akacheka. "Kaka, hayo mambo ya kampuni kubwa. Sisi na laptopu hizi za mtumba?" Mpaka tunamaliza chai alikuwa ameshataja karibu kila jambo ninalolisikia kuhusu mtindo huu, na mengi si kweli.

Nimuonyeshe msomaji kitu chenyewe kwanza. Nina programu ndogo ya mama mmoja anayenunua dagaa wakavu mwaloni. Gunia linapanda mizani, unatoa uzito wa gunia tupu, kinachobaki unakizidisha kwa bei ya kilo. Tuseme mizani inasoma kilo 52, gunia tupu nusu kilo, bei shilingi 3,000: jibu ni 154,500. Hiyo ndiyo testi, mistari mitatu tu. Wiki iliyopita, katika kusafisha msimbo, nikaacha ile nusu kilo inatolewa mara mbili, kwenye fomu na tena kwenye hesabu. Nikasevu. Sijainua hata kidole vizuri, nyekundu: ilitarajiwa 154,500, imekuja 153,000. Muuzaji angepunjwa 1,500 kwa kila gunia. Nilirudi kwenye mstari ambao bado ulikuwa kichwani, nikaufuta. Ningeligundua kosa hilo Ijumaa, ningeanza kupekua msimbo wa wiki nzima.

"Yanataka intaneti na mashine nzito." Kila kitu kinafanyika ndani ya laptopu yako, bando likiisha, testi zinaendelea. Kwa mtu wa Python mwenye Linux au Mac, ukishaweka programu ndogo iitwayo entr, unahitaji mstari mmoja kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

`ls *.py | entr -c pytest`

Yaani: chukua orodha ya mafaili haya, na lolote likiguswa, futa skrini uendeshe pytest, programu ya Python inayoendesha testi zako. Kasoro yake ni kwamba inalinda yale uliyoipa tu. Faili ulilolianzisha baadaye haina habari nalo mpaka uiwashe upya. Watu wa JavaScript wana programu zao za testi: Jest ina `jest --watch`, na Vitest huanza hivyo yenyewe ukiiendesha kwenye terminali yako.

"Inapekua mafaili kila sekunde, itamaliza betri." Mnunuzi wa dagaa hazunguki ziwani usiku kucha akiuliza mtumbwi mmoja mmoja kama wamepata. Analala, mitumbwi ikifika mwaloni anapigiwa simu. Linux ina njia hiyo ya kupiga simu tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005, inaitwa inotify. Mac wana FSEvents, na Windows wana yao. Programu inasema "niamshe folda hii ikiguswa," kisha inalala. Kinachokula betri ni testi zenyewe kama ni nzito.

Ila kuna folda zisizopiga simu. Ukitumia Linux ndani ya Windows kwa WSL2, na mradi wako umeuweka upande wa Windows, mabadiliko unayosevu kwa kihariri cha Windows hayafiki upande wa Linux, na mlinzi wako, yaani programu inayosubiri mafaili yaguswe, anakaa kimya kama amekufa. Yule kijana alikuwa ameshajaribu mwaka jana na kukata tamaa kwa sababu hiyo hiyo. Tulihamisha mradi kutoka `/mnt/c`, yaani diski ya Windows, kwenda folda yake ya nyumbani ndani ya Linux, ukaamka palepale. Folda za mtandaoni zina ugonjwa huo huo. Dawa nyingine ni kuilazimisha programu ipekue mafaili kwa zamu, na hapo malalamiko ya betri yanakuwa ya kweli.

"Diski imejaa." Hii ilinipata mwenyewe. Kosa lilikuwa ENOSPC, maelezo yake yakasema hakuna nafasi kwenye diski. Nikafuta video za harusi ya dada yangu, gigabaiti kadhaa. Kosa likabaki palepale. Kumbe Linux hutumia msimbo huo huo wa kosa unapomaliza idadi ya folda unazoruhusiwa kulinda. Inotify haishuki yenyewe kwenye folda za ndani, kila moja inataka mlinzi wake, na kikomo cha kawaida zamani kilikuwa 8,192 kwa mtumiaji mmoja. Mradi wa JavaScript wenye `node_modules` (folda ya vifurushi vya kuazima) iliyonona unakula hizo haraka. Kuanzia Linux 5.11 ya mwaka 2021 kikomo kinapangwa kwa ukubwa wa RAM na kinaweza kupita milioni moja, lakini mashine zetu nyingi bado ni za toleo la nyuma. Angalia kikomo chako kwenye `/proc/sys/fs/inotify/max_user_watches` kabla hujafuta kumbukumbu za familia. Dada hajui hadi leo.

"Nimesevu mara moja, testi zimekwenda mara mbili. Imeharibika." Kusevu si tendo moja. Vihariri vingi huandika faili jipya pembeni, kisha hulipa jina la lile la zamani. Kihariri cha Vim, kwa mipangilio fulani, kwanza huunda faili liitwalo 4913 kujaribu kama folda inaandikika, halafu hulifuta. Kwa mlinzi hayo ni matukio matatu au manne. Ndiyo maana programu nzuri husubiri kidogo, sehemu ya sekunde, matukio yatulie, ndipo ziendeshe testi mara moja. Na ndiyo maana nyingi hulinda folda badala ya faili. Ukiambiwa ulinde mtumbwi fulani, halafu wenyewe wakauvuta nchi kavu na kushusha mwingine wenye jina lile lile ubavuni, wewe utabaki umekodolea macho ule wa zamani.

Ikizunguka bila kukoma, feni inalia kama injini ya boti, hilo ni jambo jingine. Mara nyingi testi zako zinaandika logi (kumbukumbu za kazi) ndani ya folda ile ile inayolindwa, kwa hiyo zinajiamsha zenyewe. Iambie programu isiitazame folda hiyo.

"Kijani maana yake programu iko salama." Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta wa Uholanzi, alishasema mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba kujaribu programu kunaweza kuonyesha kuwa kasoro zipo, hakuwezi kuonyesha kuwa hazipo. Testi yangu ya kilo 52 haijui lolote kuhusu gunia ambalo mizani imesoma sifuri, wala kuhusu karani aliyeandika 5,2 kwa koma. Kuziendesha mara mia kwa siku hakuziongezei ujuzi.

Kuna hatari nyingine ndani yake, na haionekani upesi. Ili kuwahi, baadhi ya programu hizi haziendeshi testi zote. `jest --watch` huuliza Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ni mafaili gani yamebadilika tangu ulipokomiti, yaani ulipohifadhi hatua ya mwisho humo, kisha hufuata nani anamwita nani ndani ya msimbo na kuchagua testi zinazohusika. Ukishakomiti, hakuna kilichobadilika, kwa hiyo haiendeshi kitu. Mtu anaona hakuna nyekundu, anaondoka akiamini zimepita, kumbe hakuna iliyoendeshwa. Vilevile ufuatiliaji huo hauoni vitu vinavyosomwa programu ikiwa inatembea. Mimi bei za dagaa naziweka kwenye faili la data la JSON linalofunguliwa wakati wa kazi. Nikikosea bei humo, kwenye mnyororo huo hakuna anayelijua faili lile. pytest-testmon, upande wa Python, hukumbuka kila testi ilipita kwenye msimbo upi, ambayo ni akili zaidi, lakini data ya pembeni ni ugonjwa wa wote. Kwa hiyo soma idadi ya testi zilizoendeshwa, usisome rangi peke yake. Na kabla ya kwenda kula, endesha zote.

"Inavuruga mawazo." Mwaka 2004 David Saff na Michael Ernst wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha jaribio walilofanya kwa wanafunzi waliokuwa wakiandika programu huku testi zikijiendesha nyuma yao. Waliokuwa na msaada huo walimaliza kazi zao kwa wingi zaidi kuliko wasiokuwa nao, na wengi wao hawakuona kuwa unawasumbua. Ninachokubali ni kwamba mpangilio mbaya unasumbua. Ukiwasha kusevu kwa otomatiki kwenye kihariri cha VS Code kwa kuchelewa, kiwango chake cha kawaida ni milisekunde 1,000. Ukinyamaza sekunde moja kufikiri, mstari wako wa nusu unasevuliwa na skrini inakuwa nyekundu. Baada ya siku mbili unaizoea nyekundu, na ukishaizoea huna testi tena. Mimi nimeizima. Nasevu kwa mkono nikiwa na kitu cha kuuliza.

"Basi testi za kwenye seva hazina kazi." Ni zile zinazoendeshwa kwenye kompyuta nyingine ukishatuma msimbo wako. Zina kazi. Laptopu yako ina mafaili uliyosahau kukomiti na nywila zilizowekwa mwaka juzi. Seva inaanza mikono mitupu.

"Testi haziwezi kumdhuru mtu." Hili nililiamini mimi. Programu ya dagaa hutuma meseji kwa muuzaji gunia likishapimwa, na moja ya testi zangu ilikuwa inaita huduma ya meseji ya kweli, kwa namba ya yule mama, maana ndiyo niliyokuwa nayo siku naiandika. Zamani nilipokuwa naziendesha kwa mkono mara moja kwa siku, hakuna aliyegundua. Nilipoweka mlinzi, kila nikisevu, meseji inakwenda. Jioni ile nilikuwa napanga rangi za vitufe.

Saa mbili kasoro simu ikaita.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo mama, shikamoo."

"Marahaba. Hili gunia la kilo 52 ni la nani? Nimeshaletewa habari zake mara arobaini na moja, na hapa godauni nimefunga tangu alasiri."