Kwa nini nchi nyingine hubaki na vyama viwili tu?

Tuchukue kata moja ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, siku ya kumchagua diwani. Tuseme kura halali ni 1,000: chama cha kwanza kina 400, cha pili 350, cha tatu 250. Diwani anatoka chama cha kwanza, ingawa watu 600 hawakumpigia. Hakuna duru ya pili.

Sasa wafuateni wale 250. Miaka mitano baadaye wako barazani, kahawa inamiminwa, kashata ziko kwenye sinia, na hesabu inaanza: "Tukimpa wetu tena, atapita yule yule." Wakihama 100 tu kwenda chama cha pili, kinafika 450 na kumpita wa kwanza. Cha tatu kinabaki na 150, na uchaguzi unaofuata hata hao watajiuliza kuna haja gani ya kupanga foleni juani.

Mfaransa Maurice Duverger alilieleza jambo hili mwaka 1951. Aliona nguvu mbili: jinsi kura zinavyogeuzwa kuwa viti, na hofu ya mpiga kura kwamba kura yake itapotea bure. Ya pili ndiyo kali zaidi, kwani aliyehama kwa hofu haonekani popote kwenye matokeo. Marekani imejengwa juu ya hofu hiyo. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais nchi nzima, lakini hakuongoza katika jimbo lolote, hivyo hakupata hata mjumbe mmoja kati ya 538 wanaomchagua rais.

Lakini kanuni hii ya mwenye kura nyingi kushinda, hata zisipofika nusu, haitoshi peke yake, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Tazama pia ramani. Uchaguzi wetu wa 1995, wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, unalionyesha hili vizuri kuliko mfano wowote wa Ulaya. Mgombea urais wa NCCR-Mageuzi, Augustino Mrema, alipata karibu asilimia 28. Ibrahim Lipumba wa CUF alipata kama asilimia 6. Kwa viti vya majimbo, CUF ilipata 24 na NCCR-Mageuzi 16. Kura za NCCR zilitawanyika nchi nzima, zikishika nafasi ya pili jimbo baada ya jimbo, na nafasi ya pili haina kiti. Za CUF zilirundikana Pemba. Uingereza ilipiga hesabu hiyo hiyo mwaka 2024: Reform UK asilimia 14 ya kura na viti 5, Liberal Democrats asilimia 12 na viti 72.

Ndiyo maana India, yenye kanuni hii hii, ina vyama tele bungeni: vingi vina ngome yake katika jimbo lake na lugha yake.

Mfumo wa vyama viwili huvunjika haraka zaidi kanuni yenyewe ikibadilishwa. New Zealand, mwaka 1978 na tena 1981, chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko chama cha National, lakini National ikapata viti vingi na kuunda serikali. Mwaka huo wa 1981 chama cha Social Credit kilipata karibu asilimia 21 ya kura na viti 2. Wananchi walichoka, kwa kura ya maoni ya 1993 wakachagua mfumo wa uwiano, ambamo viti vya chama hufuata fungu lake la kura. Tangu uchaguzi wa 1996, ni mwaka 2020 pekee chama kimoja kilipopata wingi wa viti peke yake. Malta nayo ina uwiano, na bado vyama viwili vimetawala kwa miongo mingi, maana huko chama hurithiwa nyumbani kama jina la ukoo.

Chama kidogo kisichoweza kubadili kanuni kina njia nyingine: kugawana majimbo kabla ya fomu kurudishwa. UKAWA, muungano wa vyama vya upinzani vikiwemo CUF na CHADEMA, walifanya hivyo mwaka 2015. Tanga Mjini iliachiwa CUF, na CUF ikachukua kiti. Segerea, Dar es Salaam, walishindwa kuelewana. CUF na CHADEMA wakasimamisha kila mmoja wake, na CCM ikapita katikati.