Ukimbie Kiasi Gani Kabla ya Kushika Kitabu

Mitihani ya kidato cha nne ikikaribia, vijana wa hapa Tanga huniuliza: nikikimbia jioni, usiku nitasoma vizuri au nitasinzia? Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na kwangu jibu linategemea kasi uliyokimbia na muda uliotumia.

Mazoezi ya wastani ya dakika 20 hadi 30 ndiyo ninayoyapendekeza. Mapigo ya moyo yakipanda kiasi, dopamini na noradrenalini, yaani kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za neva, huongezeka kwenye ubongo, na hizo humsaidia mtu kutulia kwenye hesabu bila kuvutwa na kelele za nje. Faida yenyewe ni ndogo, sitaki kumdanganya mtu. Mada ambayo hukuisoma haitaingia kichwani kwa kukimbia. Tena faida hiyo haiji papo hapo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2012 uliikuta zaidi kati ya dakika 11 na 20 baada ya kumaliza. Basi oga kwanza, kunywa maji, ndipo ufungue daftari.

Wastani utaujuaje? Kimbia na mwenzako kuelekea Raskazone. Mkiweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba hamuwezi, hapo ndipo. Ukianza kumjibu kwa neno moja moja, umeshapitiliza.

Wapo wanaoamini akili hufunguka mtu akijikamua mpaka miguu itetemeke. Inanisikitisha, maana kijana wa namna hiyo hukaa mezani akarudia mstari uleule mara tatu. Mwenye mazoea huhimili kasi kubwa zaidi. Asiye na mazoea hudorora mapema. Na ukipita saa nzima bila kunywa, jasho nalo linakudai: kupungukiwa maji kwa asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1.2 kwa mtu wa kilo 60, kunatosha kupunguza umakini.

Hapa kwetu pwani hilo huja haraka. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa ina unyevu mwingi na jasho linatiririka bila kukauka, kwa hiyo mwili haupoi. Moyo unalisha misuli na huku unasukuma damu kwenye ngozi, hivyo kasi iliyokuwa nyepesi mwezi wa Julai inageuka kazi nzito. Msimu huo fuata pumzi zako, umbali uache.

Anayekuja kazini kwa baiskeli kutoka Pongwe, pembezoni mwa jiji, simwongezei zoezi lolote. Namwomba tu atoke mapema, apate robo saa ya kupoa kabla ya kushika kazi.