Je, wajua kwa nini sabufa ya zamani haitaki boksi dogo?

Mtu anakarabati gari la mwaka 1988, analirudishia redio ya kaseti na amplifaya ya enzi zile, kila kitu kinakaa sawa. Halafu inakuja sabufa. Ananunua ya zamani kweli, inchi 12, anaifunga kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya sabufa ya leo. Anachopata ni besi ya kubwatabwata, dum dum ya aina moja kila wimbo. Spika inalaumiwa bure. Tatizo ni boksi.

Chanzo ni bei ya wati. Miaka ya 1980 amplifaya ya gari yenye nguvu za kweli ilikuwa mali, kwa hiyo spika zilitengenezwa ziseme kwa umeme kidogo: koni nyepesi ya karatasi, tena imeshikwa kwa ulaini. Chukua sabufa inayotoa desibeli 92 kwa wati 1, uilinganishe na nyingine ya desibeli 86. Kila desibeli 3 unazokosa unazifidia kwa kuzidisha wati mara mbili, maana yake ya kwanza ikipewa wati 50 inasikika sawa na ya pili ikipewa 200. Leo wati zimeshuka bei, ndiyo maana sabufa mpya ni nzito, ngumu, na zinaridhika na boksi dogo.

Kizuri hakikosi kasoro. Josef Anton Hofmann, ambaye jina lake ndilo H ya kampuni ya spika ya KLH ya Marekani, ndiye mwenye kanuni inayotajwa sana na mafundi: besi ya chini kabisa, boksi dogo, na sauti kubwa kwa wati chache havikai pamoja. Ukichukua viwili, cha tatu kinakukimbia.

Hesabu yake inatokana na kazi ya Neville Thiele wa Australia, aliyoitoa mwaka 1961, na ya Richard Small miaka ya 1970. Kwenye karatasi ya vipimo tafuta Vas: ni ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na ule wa mshikio wa koni. Tuseme Vas ni lita 150, na koni ikiwa huru hutetemeka kwa hezi 25, yaani mara 25 kwa sekunde. Iweke kwenye boksi lililozibwa la lita 28: hewa iliyobanwa humo inageuka springi, na ule mtetemo unapanda hadi takriban hezi 63; chini ya hapo besi hufifia. Kwenye lita 85 unaishia kama 42. Sasa kumbuka kwamba waya mnene kabisa wa gitaa la besi la nyuzi nne hupiga hezi 41. Boksi moja linao, lingine limeuacha mlangoni.

Kwa hiyo pima buti kwanza, ndipo ununue spika. Kama gari lako ni saluni na hutaki boksi, zipo za zamani zilizoundwa kufungwa kwenye ubao wa nyuma ya viti, buti lenyewe likawa boksi. Mimi nazipenda hizo, ila ubao lazima uzibwe vizuri, la sivyo sauti ya mbele na ya nyuma zinauana.

Kuhusu hali ya spika, usidanganywe na sumaku kubwa. Angalia pete ya pembeni. Nyingi za zamani ni za sponji, na sponji huoza kwa unyevu na jua hata kama spika haijawahi kupigwa. Niliwahi kuletewa moja ikiwa bado kwenye katoni yake, inang'aa; nilipoigusa pete kwa kidole ikamong'onyoka kama keki iliyokauka. Hiyo si ya kutupa, pete hubadilishwa. Kibaya ni koili iliyoharibika, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni unaoisukuma. Weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka koni, ibonyeze taratibu kwa usawa, usikilize. Ikikwaruza, au ukiinusa nyuma ikatoa harufu ya kuungua, rudisha hela yako mfukoni. Kisha ipime ukinzani wa umeme kwa multimita: sabufa iliyoandikwa omu 4 ikiwa nzima husoma kama 3 na kidogo. Ikisoma 4 kamili sina wasiwasi. Ikisoma 1, kuna nyaya zimeshikana ndani, na amplifaya yako ya mwaka 1988 ndiyo itakayolipa.