Mtoto hasemi kuwa jino linamuuma: maswali ya wazazi wenye watoto walio na ulemavu wa akili

Je, ulemavu wa akili ndio unaoozesha meno ya mwanangu?

Hapana. Meno yake yanaoza kama ya mtoto mwingine yeyote: bakteria walio kwenye utando unaonata juu ya jino wanapata sukari, wanatoa asidi, na asidi inalila jino kidogo kidogo. Kinachomzidishia hatari ni maisha ya kila siku. Mkono haushiki mswaki sawasawa. Chakula kinakaa shavuni muda mrefu bila kumezwa. Na sisi watu wazima tunambembeleza kwa pipi: akivaa viatu, pipi, akitulia darasani, pipi. Tunafanya hivyo kwa upendo, lakini meno ndiyo yanayolipa. Badala ya pipi, mpigieni makofi, mpeni mpira achezee.

Kwa watoto wenye hali ya Down (Down syndrome, ya kuzaliwa na kromosomu moja ya ziada), mara nyingi ugonjwa wa fizi ndio unaosumbua zaidi, na meno yao huchelewa kuota. Fizi zikitoka damu usiache kupiga mswaki. Safisha taratibu, kisha mpeleke akaonwe.

Anatumia dawa za kifafa. Zinahusika?

Zinaweza. Dawa nyingi za maji zina sukari, na ile ya usiku ikinywewa baada ya mswaki, sukari inalala na mtoto mpaka asubuhi. Mpe dawa kwanza, mswaki ufuate. Uliza pia kama ipo isiyo na sukari, au vidonge. Fenitoini, mojawapo ya dawa za kifafa, huweza kuvimbisha fizi hadi zikafunika sehemu ya jino. Hata hivyo usimwachishe dawa wala kuipunguza bila daktari wake.

Ana miaka 14. Bado nimpigishe mswaki?

Ndiyo, kama mwenyewe hafikii meno yote, na wengi hawafikii. Mwache aanze, wewe umalizie. Mkalishe kwenye kiti, simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani kwako. Mkono mmoja ushike kidevu na kusogeza mdomo, mwingine uwe na mswaki mdogo wa nywele laini. Anza na magego ya nyuma, pale fizi inapokutana na jino. Siku akikataa, safisha unayoyafikia, kesho endelea. Akiwa na tabia ya kung'ata, usitie kidole katikati ya meno. Mpe ang'ate kitambaa safi kilichokunjwa.

Dawa ya meno iwe na floraidi, kati ya 1,000 na 1,500 ppm (kipimo cha wingi wa floraidi). Namba hiyo iko kwenye boksi. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha. Asiyeweza kutema, paka kidogo tu kama punje ya mchele. Ateme, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki. Mara mbili kwa siku, na ya usiku usiikose kamwe, kwa sababu akilala mate yanapungua na jino linabaki bila kinga.

Hasemi. Nitajuaje kuwa anaumwa?

Tazama kilichobadilika. Anajipiga shavu, anang'ata mkono, anatafuna upande mmoja, anakataa chai ya moto, halali. Mara nyingi tunasema "siku hizi amekuwa mkorofi", kumbe ni jino. Kabla ya kumwadhibu, mwangalie kinywani.

Washa tochi ya simu, inua mdomo wa juu. Mstari mweupe kama chokaa karibu na fizi ni dalili ya kuoza kunakoanza, na hapo bado kunazuilika. Kagua gego linaloota nyuma kabisa akiwa na miaka 6 hivi: wengi hudhani ni la utoto, lakini ni la kudumu, likiharibika halina mbadala. Kijipu kwenye fizi ni usaha. Uso ukivimba na homa ikapanda, au akishindwa kumeza, ni hospitali siku hiyohiyo.

Hakubali kukaa kwenye kiti cha daktari. Lazima ang'olewe?

Si lazima. Ipo dawa ya kupaka yenye madini ya fedha na floraidi, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Hupakwa kwa dakika chache bila sindano wala mashine ya kutoboa, na mara nyingi husimamisha kuoza. Sehemu iliyooza hubaki nyeusi. Mwambie na bibi yake, asije akashtuka. Kwa jino lililoharibika sana, daktari ataamua kama ni kuziba au kung'oa, na wachache hutibiwa wakiwa wamelazwa usingizi.

Omba nafasi ya asubuhi kabla foleni haijawa ndefu. Siku ya kwanza akae tu, aguse kiti, arudi nyumbani. Beba dawa zake zote, na kama ana tatizo la moyo, liseme kabla hajaguswa.