Betri Kuukuu Ikitoka Gereji, Inakwenda Wapi?

Muulize mwenye gereji yeyote hapa Dar es Salaam betri zilizokufa anazipeleka wapi, atakujibu bila kufikiri: "Watu wa vyuma chakavu wanakuja kuchukua." Muulize tena, wakishachukua wanazipeleka wapi? Hapo wengi hunyamaza. Kazi yangu ni kushauri biashara ndogo kuhusu taka za kemikali, na swali hilo la pili ndilo ninaloanza nalo kila ninapoingia uani kwa mtu, kwa sababu madhara makubwa niliyoyaona yametokea baada ya taka kutoka getini na mwenyewe kuhesabu kwamba habari yake imekwisha.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, yaani ile metali nzito iitwayo lead kwa Kiingereza. Kinachobaki ni plastiki pamoja na maji ya betri, ambayo ni asidi ya salfuriki na maji. Betri ikiwa na chaji kamili, asidi hufika karibu theluthi moja ya uzito wa mchanganyiko huo. Risasi ina soko, ndiyo maana hukuti betri mbovu imetupwa jalalani. Na kwa kuwa inaleta hela, hakuna anayeitazama kama taka yenye sumu.

Tatizo ni hayo maji. Nilikuwa kwenye gereji moja mnunuzi alipofika na mkokoteni. "Kaka, yenye maji siibebi, inaniunguza," akasema, na hakuna aliyeshangaa. Kijana wa gereji akafungua vifuniko, akaipindua betri pembeni ya ukuta. Sakafu ya saruji ikachemka na kutoa povu jeupe, harufu kali ikatupanda puani, na maji yalipokwisha likabaki tope la kijivu. Akaja na ndoo ya maji akalisukumia mtaroni. Sakafu ikaonekana safi.

Lile tope ndilo lenye risasi. Asidi ikikutana na saruji na udongo hupungua nguvu kadiri muda unavyokwenda. Risasi haiozi wala haiungui ikaisha. Inakaa kwenye udongo wa mtaro, ukikauka inakuwa vumbi, na mtoto anayecheza hapo anaila kwa vidole vyake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu inavuruga ubongo ambao bado unakua.

Sasa fuata mkokoteni. Betri zitakusanywa, zitavunjwa, na risasi itayeyushwa. Ikiyeyushwa kwenye kiwanda chenye vichujio na wafanyakazi wanaopimwa damu, vizuri. Isipokuwa hivyo, tunajua inakuwaje, kwa sababu jirani zetu wa Mombasa wamepitia. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri. Moshi uliingia majumbani na maji machafu yakapita mtaani. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupigania haki baada ya mwanawe mchanga kugundulika ana risasi mwilini. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka uliofuata Omido akapewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha. Hesabu mwenyewe miaka hiyo, kisha kumbuka kwamba waliougua hawakuwa wakisubiri hukumu, walikuwa wakiugua.

Mwenye gereji ataniambia yeye hakuyeyusha kitu. Ni kweli. Lakini tanuri la namna hiyo halina kazi bila betri, na betri zinatoka kwenye magereji yetu.

Kwa hiyo ninachoomba kwanza ni kidogo: betri itoke kwako nzima, na maji yake ndani. Isimamishe wima juu ya paleti ya mbao, chini ya paa, mbali na mtaro na kisima. Funika vichwa vyake kwa mpira au utepe wa gundi ili visigusane na chuma vikatoa cheche. Iliyopasuka iweke ndani ya beseni la plastiki, kamwe si la bati, maana asidi inakula bati. Maji yakimwagika, zungushia mchanga, mwaga magadi soda au chokaa mpaka povu liishe, kisha zoa kila kitu utie kwenye ndoo yenye mfuniko na uandike kilichomo. Usipige maji. Na vijana wanaoshika betri wavae glavu za mpira, wanawe kabla ya kula, ovaroli zisiende nyumbani kufuliwa pamoja na nguo za watoto.

Oili chafu nayo ina njia zake za kupotea. Wapo wanaoinunua kupaka mbao zisiliwe na mchwa, wapo wanaoimwaga barabarani kuzuia vumbi. Oili iliyozunguka ndani ya injini imebeba metali na kemikali nyingine zinazosababisha saratani. Mbao hizo zinakwenda kuezeka chumba cha mtu, na ile ya barabarani mvua ya masika inaishusha bondeni. Oili hii inaweza kusafishwa upya, au kuchomwa kwenye matanuri ya saruji ambako mawe yenyewe hufikia nyuzi joto 1,450. Sharti lake ni moja: isichanganywe. Nimekuta mapipa mengi yenye oili, thina, petroli ya kuoshea vifaa na maji ya rejeta, vyote pamoja kwa sababu pipa lilikuwa na nafasi. Pipa la namna hiyo hakuna anayelitaka, na thina iliyomo inaweza kuliwasha kwa cheche moja. Pipa la oili liwe la oili tu, thina iwe na dumu lake, na jina liandikwe siku ile ile unapoanza kulijaza. Wiki mbili baadaye hakuna atakayekumbuka, na mtu ataanza kunusa ili ajue ni nini. Msinuse.

Madumu matupu yananiumiza moyo kuliko vyote. Dumu la lita 20 lililokuwa na asidi au dawa ya kuondoa kutu linauzwa, linasuuzwa mara mbili, na jioni lipo kwenye foleni ya bomba likichotewa maji ya kunywa. Plastiki hunywa baadhi ya kemikali na kuzitoa polepole, kusuuza hakuzimalizi. Toboa dumu hilo au likate kabla halijatoka mikononi mwako. Utakosa hela kidogo, najua.

Upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kemikali zenyewe zina sheria yake ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Betri za asidi na oili chafu ni taka hatarishi, na anayezikusanya na kuzisafirisha anapaswa kuwa na kibali. Ofisi ya NEMC, chombo cha serikali kinachosimamia mazingira, ya kanda yako itakuambia nani anacho. Mnunuzi akifika, mwombe akuonyeshe kibali, kisha andika kwenye daftari tarehe, aina ya taka, uzito, jina lake, namba ya gari na mahali anapopeleka. Aweke sahihi. Anayekataa kutaja anakopeleka, mwache aondoke na mkokoteni wake mtupu.

Mwenye kibali mara nyingi analipa chini ya yule wa mkokoteni, na haji kwa betri tatu. Hili ni gumu kweli kwa gereji ndogo, na sidhani ni haki kumwambia fundi ajinyime peke yake. Njia inayonipa matumaini ni magereji ya mtaa mmoja kushirikiana: mmoja mwenye nafasi anatenga kibanda chenye paa na sakafu isiyopitisha maji, anajenga kizingiti cha tofali kinachoweza kuzuia zaidi ya ujazo wa pipa kubwa lililomo, wengine wanaleta betri na oili zao kwa daftari, na gari la mkusanyaji linaitwa mzigo ukitosha. Kabla hamjaanza, pelekeni mpango huo NEMC, kwa kuwa kuhifadhi taka za wengine nako kuna masharti yake. Muulizeni pia anayewauzia betri mpya kama anapokea za zamani. Wapo wanaopokea na kupunguza bei ya mpya, na gari lao linakuja mtaani hata hivyo.